Fundi wa Vitetemeshi na Mama Halima

Vijana wangu, mliponizunguka baada ya sherehe ya Idi mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi iliyonilisha mjini hapa, nilijua mnatarajia nini. Mmesikia mimi ni fundi, mkadhani nitawaeleza habari za redio na cherehani. Redio nilitengeneza kweli, nikiwa kijana Tanga. Cherehani nilitengeneza nilipofika Scarborough, mashariki ya Toronto, nyuma ya duka la vitambaa. Lakini miaka mingi ya maisha yangu ya Toronto nilikuwa fundi wa vitetemeshi.

Kwa asiyejua neno, ni vile vifaa vyenye mota ndogo ndani, ambavyo watu wazima huvitumia faraghani kwa raha ya mwili, mtu peke yake au na mwenzi wake. Naona mnacheka. Chekeni mmalize, nitawasubiri. Mimi nimeshazeeka, na aliyekuwa na haki ya kuniona sina haya ameshatangulia.

Kazi yenyewe ilinikuta bila kuitafuta. Siku moja aliingia pale kwenye duka la vitambaa mwanamke mmoja mnene, mweupe wa nywele, Mjamaika, anaitwa Doreen. Alikuwa nesi mstaafu. Akaweka mfuko wa karatasi mbele yangu, akasema, "Nimeambiwa wewe huwezi kushindwa na mota. Hii inazunguka lakini haitetemi."

Nikakifungua kifaa kilichokuwamo. Mota za namna ile zina kipande cha chuma kilichopachikwa kwenye mhimili, kizito upande mmoja, na uzito ule usio sawa ndio unaoleta mtetemo. Kipande kikiteleza, mota inazunguka bure. Nilikirudisha mahali pake, nikatia tone la gundi, nikamkabidhi.

"Kitakusaidia sana mgongo," nikamwambia. Nilidhani ni mashine ya kukanda.

Doreen akakiinua. "Hukijui hiki ni nini?"

"Si cha mgongo?"

Alicheka hadi akaomba kiti. Alipopata pumzi akanieleza, wazi kama nesi anavyoeleza, na kabla sijajua niweke wapi macho yangu akaniambia ana duka la vifaa hivyo katikati ya mji na anatafuta fundi. Wateja wake walivipenda vifaa vyao, vikiharibika walikuja wamenuna kama waliofiwa, naye hakupenda kuwaambia wavitupe.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha nyuma cha duka lake, nimevaa glavu, bisibisi mkononi.

Siku za mwanzo niliharibu zaidi ya nilivyotengeneza. Mara ya kwanza Doreen aliniachia sinia la vifaa akasema, "Vya silikoni tupu, visivyo na mota, vichemshe dakika chache." Mimi nilisikia "vichemshe". Nikaweka sufuria, nikatia sinia zima, vyenye mota na visivyo na mota, kama mtu anayepika mihogo. Doreen alirudi akakuta vitetemeshi vinne vinaelea, vimekufa. Hakugomba. Alizima jiko, akavuta kiti, akanifundisha tangu alifu.

Chenye mota hakichemshwi. Kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kabla ya kutumika na baada. Soma kwanza kama kinaruhusiwa kuzama majini au kinavumilia kufutwa tu, maana vitu hivyo viwili si kimoja. Mahali pa kuchajia pasiingie maji, na kikiwa na unyevu hakichomekwi kwenye umeme. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kiache kipigwe na hewa. Na kama kinakwenda kwa mtu zaidi ya mmoja, kisafishwe katikati au kivishwe kondomu mpya. Doreen alikuwa akiyasema haya kwa sauti ileile aliyotumia wodini, mwisho ukasahau kuona aibu.

Kosa langu la pili lilitokana na ujuzi. Fundi wa cherehani akisikia kitu kinakwaruza, mkono unakwenda kwenye mafuta. Nikapaka mafuta ya mashine kwenye mpira wa kifaa cha bibi mmoja. Siku chache baadaye akakirudisha mpira umevimba, unanata. Ndipo nikajua kwamba mpira na mafuta havipatani, na hata kile kilainishi cha silikoni wanachojipaka watumiaji huweza kukila kifaa cha silikoni. Tumieni kilainishi cha maji, mtakuwa salama kwa karibu kila kitu. Na vile vifaa laini vya bei rahisi, vinavyonuka plastiki, msivilaze pamoja. Mimi niliviweka vyote kwenye boksi moja kiangazi kizima, nikavikuta vimegandana kama tende. Kila kimoja kilale kwenye mfuko wake wa pamba, na cha betri za kutoa, betri zitolewe.

Lakini somo kubwa la Doreen lilikuwa la mdomo. Mteja akija, alinifundisha, usitabasamu sana wala usitazame chini. Muulize mambo matatu tu: "Kina shida gani? Tangu lini? Ungependa kiwe vipi?" Mtu akiulizwa hivyo, aibu inamtoka, anajibu kama anayeeleza baiskeli. Niliuliza maswali yale maelfu ya mara. Niliwauliza mabibi, wanafunzi, wanaume waliotumwa na wake zao, wazee wawili waliokuwa wakija wameshikana mikono.

Nyumbani sikumwuliza mtu.

Mke wangu aliitwa Zaituni, mimi nilimwita Mama Halima kwa jina la binti yetu. Nilimwoa Tanga. Nilipopata kazi kwa Doreen aliniuliza, "Huko mjini unatengeneza nini?" Nikamjibu, "Mashine za kunyolea." Nilidhani uongo ule utanisitiri siku mbili tatu, hadi nipate maneno. Ukakaa miaka saba. Msikitini watu walininadi: fundi wa mashine za kunyolea. Kuna mzee alinipa yake imsaidie kidevu. Nikaitengeneza, ndiyo mashine ya kunyolea pekee niliyoigusa miaka yote hiyo.

Kuna mteja mmoja aliyenitikisa. Alikuwa mama wa makamo, Mwismaili wa Dar es Salaam, nitamwita Mama Shirini. Alikuwa akizungumza na Doreen kwa Kiingereza, mimi nikiwa chumba cha nyuma nikaangusha bisibisi, nikajisemea, "Ah, imekwenda wapi hii?" Kisha nikasikia Kiswahili.

"Nani huko ndani?"

Nikachungulia. "Mimi mama, fundi."

"Mtu wa wapi?"

"Tanga."

"Ai! Nimevuka bahari nzima nije kuonwa na mtu wa Tanga!" Akafunika uso kwa mkoba. Halafu wote watatu tukacheka, na Doreen hakuelewa neno.

Mume wake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume, na mambo ya chumbani yakabadilika. Daktari wao akawashauri wasikate tamaa, wajaribu njia nyingine za kufurahishana. Kifaa kile walikichagua pamoja. Swichi ilikuwa imelegea. Nilipokuwa nikichomelea waya akaniuliza, bila kukusudia ubaya, "Na mkeo huyu wa Tanga, yeye anasemaje kuhusu mambo haya?"

"Mke wangu hana haja nayo."

"Umemwuliza?"

Nikasema swichi imepona. Alikichukua, akanishukuru, akaniombea dua. Swali lake likabaki. Nilipanda nalo basi hadi Scarborough, nikashuka nalo, na mlangoni nikalimeza.

Basi, mwaka huo theluji ikafunga mji siku tatu. Doreen aliniomba nichukue kazi nyumbani, nikabeba mfuko wa vifaa vitano, vimeoshwa na kufungwa, nikaviweka juu ya kabati la jikoni. Kimoja kilikuwa na swichi mbovu, inayojiwasha, na mimi, mwalimu wa wengine, sikukitoa betri. Jumamosi mchana nimekwenda kusafisha theluji kwenye ngazi za jengo, Mama Halima amekaa jikoni anachambua mchele, kabati likaanza kunguruma.

Niliporudi, kofia bado kichwani, nilimkuta amesimama kando ya meza. Vifaa vyote vitano amevipanga juu ya kitambaa, kwa urefu.

"Baba Halima," akasema, polepole. "Hii inanyoa wapi?"

Nilicheka. Nilidhani na yeye atacheka. Hakucheka. Nikavua kofia, nikakaa, nikamwambia yote: duka, Doreen, miaka saba. Nilijitetea kwamba ni kazi ya halali, kwamba ni usafi mtupu, kwamba wateja wengine ni wagonjwa.

"Sikukuuliza kama ni halali," akasema. "Unakaa na wanawake wa mji huu unawauliza miili yao inataka nini?"

"Ni kazi tu, Mama Halima."

"Na mimi?"

Niliigeuza kofia mikononi.

"Nilipoolewa, somo yangu alinikalisha ndani siku saba," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Alinifundisha nikupokee vipi, nikufurahishe vipi, nijisafishe vipi. Siku saba kwa ajili yako. Wewe nani alikukalisha hata siku moja kwa ajili yangu? Nikajisemea, hajui, wanaume hawafundishwi. Kumbe unajua. Unajua kuliko daktari. Ukija nyumbani unavua ujuzi wako pamoja na viatu."

Alikunja nguo zake kwenye begi dogo, akaenda kwa dada yake Mount Dennis, upande wa pili wa mji. Halima alikuwa ameshahamia mji mwingine kwa masomo. Akanipigia simu akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Baba, mama hasemi kitu. Umefanya nini?" Utamwambia nini binti yako?

Nilikaa wiki tatu. Kazini niliuliza maswali yangu matatu kila siku, na kila nilipoyauliza nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Doreen alinitazama siku moja akasema, "Shaabani, unachomelea waya ule ule mara ya nne. Nenda kwa mkeo."

Jumapili nikapanda basi, nikabadilisha treni, nikabadilisha basi tena, mji wote kutoka mashariki hadi magharibi. Shemeji alinifungulia mlango, akaniona nilivyo, akachukua koti lake akasema anakwenda sokoni. Jumapili ile, na baridi ile.

Mama Halima alikuwa kwenye kochi, anashona. Hakuinua macho. Nikakaa chini, kwenye zulia, maana kiti kilikuwa mbali. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani, ikapotea yote. Yakabaki yale maneno ya Doreen tu, ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni.

"Una shida gani, Zaituni? Tangu lini? Ungependa iwe vipi?"

Aliweka sindano. Nilikuwa sijamwita kwa jina lake miaka mingi.

"Inaniuma," akasema. "Tangu damu ilipokata. Miaka minne sasa. Nilidhani nimekwisha kuwa mwanamke, nikanyamaza nisikuudhi."

Miaka minne, vijana wangu. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja. Na jambo lenyewe nililijua, nilishawasikia mabibi kumi wakimweleza Doreen, na nilishamsikia akiwajibu: ni ukavu wa umri, hauna aibu, una dawa, una vilainishi, muone daktari, msiharakishe. Wageni niliwapa chupa mkononi. Mke wangu niliyekula naye kila siku aliuma meno akanyamaza.

Nililia. Yeye akanitazama nikilia, kisha akasema, "Sasa unalia nini, na mimi ndiye ninayeumwa?" Ndipo akacheka, na mimi nikajua nitarudi naye.

Juma lililofuata nilimpeleka dukani. Alivaa baibui lake zuri kama anayekwenda harusini. Doreen alimkumbatia akampeleka kwenye rafu, na Mama Halima akanunua kama alivyokuwa akinunua khanga, ashike, akunje, ageuze upande wa pili, aulize kitachuja au hakichuji. Aliuliza, nami nikatafsiri, uso unawaka moto. "Mwulize, kinapiga kelele? Kuta za jengo letu ni nyembamba." "Mwulize, yeye angechukua kipi?" Alichagua kidogo, cha rangi ya zambarau, cha kuchaji. Nyumbani akakishonea mfuko kwa kipande cha khanga. Tulimwona daktari pia, na alitusaidia sana.

Sitawaambia zaidi ya hapo, ya chumbani yabaki chumbani. Nitasema tu kwamba tulikuwa na miaka tisa ambayo sikujua mtu wa umri wangu anaweza kupewa. Tulikuwa tukiulizana. Wakati mwingine jibu lilikuwa "leo nimechoka, nikande miguu tu", nikamkanda miguu tukalala, na hiyo nayo ilikuwa raha.

Kazi nayo ikabadilika mikononi mwangu. Zamani kifaa kilikuwa na skrubu, ukakifungua, ukaona waya mwekundu na mweusi, ukajua ugonjwa. Siku hizi vimefungwa vyote, havina hata pa kuingiza ukucha, vinachajiwa kwa sumaku, vingine vinaongozwa kwa simu. Kikifa kimekufa. Doreen alizeeka akauza duka, aliyenunua hakuhitaji fundi, nami sikumlaumu. Nilibeba bisibisi zangu nikarudi nyumbani kwa Mama Halima. Nilidhani sasa tutakaa.

Tulikaa majira mawili ya baridi. Moyo wake ulikuwa dhaifu kuliko tulivyojua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akiniagiza niloweke maharage. Maharage yaliloa, yakachacha.

Miaka minne imepita. Nguo zake nimegawa, viatu nimegawa. Ule mfuko wa khanga kwenye droo sikuugusa, isipokuwa kwa jambo moja. Betri za sasa zikiachwa tupu muda mrefu hufa kabisa, lazima uzichaji kila baada ya miezi michache hata kama hutumii. Basi kila majira yalipobadilika nilikitoa, nikakichomeka, nikakaa kitandani nikitazama kijitaa chake kikiwaka na kuzima mpaka kijae. Sikukiwasha kamwe. Nilikuwa nikimwambia habari: Halima amejifungua, mtoto ana kidevu chako. Dada yako hajambo. Kisha nakirudisha.

Majira haya ya kuchipua nilikitoa nikakuta tumbo lake limetuna, mshono umeachana kidogo. Ningekuwa mtu mwingine nisingeelewa. Fundi anaelewa. Betri imevimba. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haitupwi kwenye taka wala haiwekwi ndani, inaweza kushika moto. Iwekwe kwenye mchanga mkavu, mbali na vinavyoungua, ipelekwe panapopokewa taka za hatari. Nimewaambia hivyo wateja sijui wangapi, na sikumwonea huruma hata mmoja aliyesema anakipenda.

Nilisimama nacho mkononi muda mrefu. Nikafikiri: jengo hili lina familia nyingi, lina watoto. Nikautoa mfuko wa khanga, nikaufua, nikaubakiza. Kifaa nikakilaza kwenye kopo la mchanga, nikapanda basi.

Pale kituo cha kupokea taka alikuwepo binti wa umri wenu, amevaa fulana ya rangi ya chungwa. Akachungulia kopo. "Hii ni nini, mzee? Lazima niandike."

Walikuwepo waliopanga foleni nyuma yangu. Nikasema, "Ni kitetemeshi cha mke wangu. Betri imevimba."

Hakucheka. Aliandika. Kisha akauliza, pengine ni swali la fomu, pengine ni la kwake, "Kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kilifanya kazi vizuri sana," nikamjibu.

Akalipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka chini taratibu. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi. Basi la kwanza likaja, dereva akanifungulia mlango, nikampungia mkono aende. La pili nalo nikaliachia.